Nitashukia Darajani

Hamdi aabo, mwanangu,

Kesho sitakwenda nawe Nairobi. Najua tiketi yangu iko ndani ya bahasha moja na yako, na mama yako ameshanipigia pasi shati jeupe la kuingia nalo chuoni. Nitapanda basi, nitakaa kando yako kutoka stejini mpaka darajani, kisha nitashuka. Mama yako mdogo wa Eastleigh atakupokea, na kesho kutwa ndiye atakayesimama nawe kwenye foleni ya kusajiliwa. Nimeshazungumza naye. Wewe nimeshindwa kukuambia kwa mdomo, ndiyo maana nimekimbilia kalamu kama mwanafunzi mwoga.

Sababu nitaitaja. Lakini nataka uijue kutoka mwanzo wake, maana ukiusikia mwisho peke yake utadhani baba yako ni mtu mwema.

Alasiri imeshaswaliwa, nami nimejifungia hapa stoo ya shule, nimeketi juu ya gunia la chokaa ya kuchorea uwanja. Nyumbani hakukaliki. Mama zako wote wa mtaani wamejaa uani wakikukaangia nyama ya nyirinyiri ya kutosha kulisha chuo kizima, na kila mmoja ana la kukuusia. Mambo ya kufunga mlango, kula vizuri na kuswali kwa wakati, mama yako atayasema mpaka basi liondoke, na baada ya hapo atayasema kwa simu. Simuingilii kazi yake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofunzwa shuleni kuandika. Kisomali changu ni cha kusema, na haya nimeshindwa kuyasema.

Ulipopata barua ya kuitwa kusomea usimamizi wa michezo, wajomba zako walikuja hapa wawili wawili kama watu waliokuja matangani. Yule wa Wajir, ambaye hupenda kuonyesha Kiswahili chake mbele ya wageni, na mpira kwake ni mbira, aliniuliza, "Dahir, mtoto msichana nasoma mbira? Udaktari imeisha? Benki imefungwa?" Nilikutetea kwa sauti kubwa, nikampa chai, akanyamaza. Lakini wageni walipoondoka nikaanza mimi kukutania. Nilikuambia, miaka minne kusomea kupuliza filimbi, mimi nilijifunza kwa alasiri moja. Hukucheka. Ulisema, "Refa ni wewe, Aabo. Mimi nataka kuwa yule mtu wa ofisini, anayeshika fomu za wachezaji."

Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Kwa sababu ya Liban."

Nikainuka kwenda kutawadha, na haukuwa wakati wa swala.

Halafu kuna ile insha yako ya kuomba ufadhili. Ulinipa niisome nikusahihishie. Uliandika kwamba baba yako ndiye aliyekufundisha haki, kwamba uwanjani hajawahi kumpendelea mtu hata wa nyumba yake. Uliandika pia kwamba siku kaka yako Liban alipohitaji kutetewa mbele ya kamati ya vitambulisho, baba yako alikuwa Elwak kikazi, na kwamba hivyo ndivyo kazi huwagharimu watu waaminifu. Nilirekebisha herufi mbili tatu, nikaongeza koma mahali, nikakurudishia. Uongo ule nikauacha vilevile, na ufadhili ukaupata.

Kwa hiyo sikiliza.

Wewe ulikuwa na miaka miwili, Liban kumi. Tulikuwa bado watu wa mifugo, tukikaa vichakani upande wa Dadaab, na mji wa Garissa nilikuwa nauona nikija kuuza mbuzi tu. Mvua ilikosa, ikakosa tena, na ya tatu ikaja siku moja ikatudanganya. Ng'ombe walianza kufa kwa utaratibu wao, analala, anageuza shingo ubavuni, anakutazama, basi. Mama yako aliacha kula mchana akisema hana njaa. Liban alikuwa na magoti makubwa kuliko mapaja.

Unajua kwetu mtoto hafundishwi kuhesabu vitu kabla ya kuhesabu mababu. Wewe mwenyewe nilikufundisha. Liban nilimfundisha tukinywesha ngamia, na alipofika miaka mitano alikuwa akiwataja kumi na tano bila kukwama: Liban wa Dahir, wa Abdi, wa Hassan, mpaka juu. Akikosea mmoja tunarudi mwanzo. Wazee waliokuja kunywa maziwa walikuwa wakimjaribu makusudi, wanaruka jina, naye anawakatiza na kuwarekebisha. Nilijivuna sana siku hizo. Nilidhani nimempa kitu ambacho hakiwezi kupotea.

Kule kambini Ifo kulikuwa na mama mmoja wa Kismayu, Safia, ambaye mama yako alikuwa akimuuzia maziwa tulipokuwa na maziwa. Mumewe, Yusuf, alipotea vitani. Safia aliona hali yetu akasema mwenyewe, bila kuombwa, mlete mvulana nimwandikishe kama wangu, atakula, atasoma, mvua ikirudi mtamchukua. Si sisi peke yetu. Nusu ya majirani zetu walifanya hivyo mwaka ule. Ng'ambo hii ya waya ulikuwa raia mwenye njaa, ng'ambo ile ulikuwa mkimbizi mwenye kadi ya chakula.

Nilitaka kuwapeleka wote wawili. Mama yako alinipa Liban, akamvalisha na shati langu. Wewe alikufunga mgongoni na kukaza fundo. Alisema, "Huyu hapana, Dahir. Kama ni kufa, atafia hapa akiitwa jina lake." Nilimwita mjinga mbele ya mama yake. Leo una kitambulisho mkobani mwako, na kesho utavuka daraja, kwa sababu ya fundo la yule mjinga. Mimi simo katika bahati yako.

Tulitembea nusu siku, Liban na mimi. Njiani nikaanza kumfundisha upya. Sema wewe ni Liban wa Yusuf. Akanitazama. "Na Dahir?" Nikamwambia Dahir mweke kando kwa sasa. "Na Abdi?" Naye mweke kando. Aliwataja wote, mmoja mmoja, akiniuliza, na wote nikamwambia awaweke kando. Kisha nikampa majina ya ukoo wa Yusuf niliyopewa na Safia, akayakariri kabla hatujaona mahema, maana alikuwa na kichwa chepesi. Alipofika kwenye meza ya kuandikishwa aliyasema vizuri kuliko watoto waliozaliwa nayo. Wakamwekea vidole juu ya kioo cha mashine, nami nikatia sahihi kama shahidi. Alicheka, akaniambia baadaye kioo kilikuwa cha baridi.

Lile silijutii, Hamdi, nakuambia kweli. Ningeona tena mbavu zile ningempeleka tena. Sikujua kwamba mashine haisahau, na hata ningejua, mtoto hali kesho yake. Kama kosa langu lingeishia hapo ningelala vizuri.

Alikaa kule mwaka na nusu. Shule ya kambini ilikuwa na uwanja wa mchanga wenye magoli ya mabomba, na watoto kutoka nchi nne wakicheza peku. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta ubavuni mwa uwanja akisubiri pasi. Mpira ulipomjia hakuuangalia, alishajua ulipo. Nilisimama pale nikasahau nilichokuja kufanya. Tulirudi tukiwa hatuna ng'ombe, tukahamia hapa mjini, nikapata kazi hii ya stoo, na kwa kuwa stoo ndiyo yenye mipira, nikaishia kuwa refa.

Sasa nikuambie habari ya baba yako maarufu. Ulikua ukiisikia, lakini uliisikia upande mmoja.

Katika mashindano ya shule na ya vijana, ugonjwa wetu ni mamluki. Timu inaleta mtu mzima mwenye ndevu za kunyoa asubuhi, inamwita wa kidato cha pili. Mimi nilikuwa na jicho. Walinipa meza ya kukagua karatasi kabla ya mechi, na hakuna cheti cha kuazima kilichonipita. Nilikuwa nafurahia. Hilo ndilo ambalo sikuwahi kukusimulia, kwamba nilifurahia. Nilipenda ule ukimya wa foleni nikinyanyua karatasi kuielekeza kwenye jua. Nilipenda makocha wazima wakinibembeleza. Nikawa na msemo wangu, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, nikiusema huku nikikata mbele tu.

Mwaka mmoja timu kutoka Banissa ilisafiri siku mbili kuja kucheza. Walikuwa na kiungo mmoja ambaye jina kwenye cheti chake lilitofautiana na lililo kwenye fomu, jina la baba. Kocha wao, mzee wa miaka mingi, alinieleza kwamba kijana aliandikishwa zamani na mjomba wake wakati wa ukame. Nikamwambia hayo akayaeleze Banissa. Kijana mwenyewe alikaa kando ya mstari na soksi zake nyeupe mpya, timu yake ikafungwa manne. Yule mzee alipita mezani kwangu jioni ile akaniuliza, "Warya Dahir, mbira nacheza na mguu ama na karatasi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nyumbani kwangu nilikuwa na mtoto aliyeandikishwa wakati wa ukame kwa jina la baba mwingine, na haikunipitia akilini hata kidogo. Nguruwe sijawahi kumwona maishani, lakini ile methali ya mkuki naielewa sasa kuliko mwalimu aliyenifundisha.

Liban alipotimiza miaka kumi na minane, klabu moja ya Nairobi ilimtaka. Hilo unalikumbuka, ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka lile begi la bluu lililokaa mlangoni wiki nzima, na ulivyokuwa ukilirukia kama kamba. Kilichobaki kilikuwa kitambulisho, kwa ajili ya usajili. Nilimpeleka mwenyewe, nikiwa na cheti chake cha kuzaliwa na barua ya chifu. Akaweka vidole. Yule karani aliangalia kompyuta muda mrefu, akamuuliza kwa upole tu, "Kijana, kwani Yusuf ni nani?"

Liban alinigeukia mimi. Nami niliangalia ukutani, palikuwa na kalenda.

Tuliambiwa si yeye peke yake, raia walioandikwa wakimbizi wako maelfu, na kuna kamati itakaa kusikiliza. Mtu aje na wazee, ataje ukoo wake, na mzazi asimame aape kwamba ndiye aliyempeleka kambini, na kwa nini. Mzazi. Lilikuwa jambo jepesi. Sentensi moja ingetosha.

Siku ya kamati ilipotangazwa, nililala na kuamka na picha moja kichwani. Kamati ingekaa kwenye ukumbi wa wazi, watu wamejaa, na miongoni mwao walimu, makocha, wazazi wa wale niliowatoa mezani. Dahir wa msumeno anasimama na kusema, mimi nilimfundisha mwanangu kudanganya jina la baba yake. Nikawasikia wakicheka kabla hawajacheka. Wiki hiyohiyo kulikuwa na mashindano Elwak. Refa alishapatikana, Hamdi. Hukulijua hilo. Alikuwa mwalimu mmoja wa kulekule, kijana mzuri. Nilipiga simu mimi mwenyewe nikaomba niende. Walishangaa, maana ni safari ya mbali na hakuna aliyekuwa ananihitaji. Nikasema napenda kusaidia.

Nikamwambia Liban, "Kazi imenishika, aabo. Nenda na wazee, wao wanatosha." Akaniuliza, "Hawawezi kupata mwingine?" Nikasema hawawezi. Mama yako alikuwa akikanda unga. Aliacha kukanda. Tangu siku ile amekuwa akiniwekea chai mezani bila kunimiminia, na wewe umedhani ni tabia yake.

Nilisimuliwa baadaye na mzee mmoja aliyekuwepo. Liban alisimama, akataja mababu kumi na tano bila kukwama, Liban wa Dahir, wa Abdi, wa Hassan, mpaka juu. Mwenyekiti akasema, "Vizuri sana. Dahir yuko wapi?" Akajibu, "Elwak." "Anafanya nini Elwak?" "Anachezesha mpira." Wakaandika. Faili likawekwa upande wa wale ambao ushahidi haukutosha, na dirisha la usajili la klabu likafungwa mwezi uleule. Kamati nyingine haikukaa. Kila mwaka tuliambiwa itakaa.

Nilirudi kutoka Elwak siku ya tatu. Liban alikuwa ameketi kizingitini akishona kiatu. Nilitegemea atanipigia kelele, nilikuwa hata na majibu. Akaniuliza tu, "Mechi iliisha ngapi, Aabo?"

Nikamwambia mbili moja.

"Nani alishinda?"

Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Hatujawahi kulizungumza tena. Alijua, maana yule kijana mwalimu wa Elwak walicheza naye timu moja mapumziko ya shule yaliyofuata, na alimweleza. Amejua miaka tisa. Mwaka jana, ulipokuwa unaandika insha yako, nilimfuata soko la mifugo anakofanya kazi, nikamwambia nataka kukueleza ukweli. Aliendelea kusukuma ng'ombe, akasema, "Mwache Hamdi." Nikaitumia ruhusa hiyo haraka sana. Kumbe alikuwa hanisitiri mimi, alikuwa anakuachia wewe baba wa kuandikia insha.

Unamjua kaka yako alivyo sasa. Ana miaka ishirini na saba. Anapandisha mifugo kwenye malori pale soko la mifugo, kila wiki. Unajua kwamba kila lori linalovuka lile daraja la Tana lina karatasi zake, cheti cha daktari na kibali cha safari? Ng'ombe wanavuka wakiwa na karatasi. Anayewapandisha hushuka kabla ya kizuizi cha polisi wanaokagua vitambulisho, na kurudi mjini kwa miguu. Hawezi kuandikiwa laini ya simu kwa jina lake, ile anayotumia ni ya mama yako. Ameposa mara moja, na baba wa msichana alimwuliza watoto wao wataandikishwa kwa karatasi gani. Jioni anafundisha wavulana kule kiwanjani, na wakichaguliwa kwenda mashindano ya nje anawasindikiza mpaka darajani. Nimeona hayo kwa macho haya, nikarudi stoo kuhesabu mipira.

Nimekuonea haya kwa miaka mingi, binti yangu. Kila uliponisifu, niliona haya. Na nilikupenda kupita kiasi ambacho mtu kama mimi anajua kukisema, na nadhani ndiyo sababu nilikuwa mkali, nikiogopa usinikaribie ukaona.

Sasa ya kesho. Jumanne chifu alipita hapa stoo. Kamati inakaa tena, mara ya kwanza tangu ile. Inakaa kesho, saa nne asubuhi. Nilipoisikia tarehe, nikuambie kitu cha kwanza nilichofikiri? Nilifikiri, alhamdulillahi, nina safari. Nampeleka binti yangu chuo kikuu. Nani angenilaumu? Hata wewe usingenilaumu, hata Liban angesema nenda. Lilikuja lenyewe, tamu, limevaa nguo nzuri kuliko lile la Elwak. Nikaketi chini hapahapa kwenye chokaa. Nilikuwa nadhani miaka imenibadilisha.

Ndiyo maana hatusafiri pamoja. Nilitamani sana kuingia nawe lango lile, nikiwa na shati jeupe, niwaambie walinzi huyu ni wangu. Nimeliota jambo hilo tangu barua yako ije. Unisamehe kwa hili kama hutanisamehe kwa mengine.

Sijui kesho itaishaje. Chifu alinionya, kwa nia njema, kwamba kuna karatasi niliyotia sahihi kambini, na kwamba mtu akikiri uongo wa namna hiyo hadharani hajui utamfikisha wapi. Meza ya kukagua fomu nimeshairudisha. Filimbi nimemwachia mkuu wa michezo ndani ya bahasha, bila maelezo. Huenda kamati ikanisikiliza na bado ikasema faili lingoje. Na hata wakimpa kadi yake kesho jioni, hakuna klabu inayomngoja kijana wa ishirini na saba mwenye goti linalolia akiinama. Nimechelewa. Sikupi matumaini nisiyokuwa nayo.

Ninachokuomba ni kimoja, na usikichukue kama hotuba, maana hotuba zangu umeshaona mwisho wake. Usiende kusoma kwa niaba ya Liban. Ulichosema siku ile, kwa sababu ya Liban, kimenikaa kooni kama mfupa. Deni hilo si lako. Soma kwa sababu ulikuwa ukipanga ratiba za mechi za watoto wa mtaa ukiwa na miaka tisa, ukiziandika kwa makaa ukutani kwangu, nikakupiga kwa kuchafua ukuta. Hilo nalo nilikosea.

Na siku utakapoketi kwenye hiyo ofisi yako, na fomu ziko mbele yako, karatasi ya kughushi ikatae. Sitaki uwe mtu wa kupitisha mambo kwa huruma, mamluki ni mamluki. Lakini mimi katika miaka yangu yote ya meza sikumwuliza mtu hata mmoja, "Ilikuwaje?" Nilikuwa na jicho, sikuwa na swali. Yule kijana wa Banissa mwenye soksi nyeupe, jina lake nililifuta kwa rula, mstari ulionyooka, na leo silikumbuki. Nimelitafuta kichwani wiki nzima.

Kesho Liban ndiye atakayebeba sanduku lako. Atasimama mlangoni mwa basi kama anavyofanya akimsindikiza mtu, atatania makanga, atashuka kabla ya kizuizi. Utakaporudi likizo usimtazame kwa huruma, anaijua huruma na hapendi. Ukimuaga tena, muage kama anayekwenda dukani. Na mama yako, ukirudi na kumkumbatia, mkumbatie kwa lile fundo. Barua hii nitakupa mkononi nikishuka, kwa hiyo unaisoma ukiwa ng'ambo, umeshaonyesha kitambulisho chako, umeshavuka. Nimepanga hivyo kwa woga. Huo haujaniisha wote.

Mungu akulinde kwa yale nisiyoweza. Ukitaka kunijibu, jibu. Ukikaa kimya mpaka likizo, nitajua maana yake, na mlango utaukuta wazi.

Kama umesoma haraka na basi bado halijatoka Madogo, hapo tu baada ya daraja, geuka utazame nyuma. Utawaona wanaume wawili wamesimama ng'ambo ya mto. Mmoja hana ruhusa ya kuvuka. Mwingine anayo mfukoni, ameshuka, na anarudi mjini kwenda kusema jina la mwanawe.

Babako,
Dahir wa Abdi, wa Hassan